Mkono Unaorudi

Presha ya 110 kwa 90 humtuliza mtu anayepita wodini kwa haraka. Namba ya juu iko sawa, mgonjwa ana fahamu, anaitikia salamu. Lakini muuguzi mkunga aliyekomaa kazini, akiiona namba hiyo kwa mama aliyejifungua saa moja iliyopita, husimama. Mara ya mwisho alipopima ilikuwa 116 kwa 72. Ya juu imeshuka kidogo tu, ya chini imepanda, na nafasi iliyo kati yake imebana. Mapigo yalikuwa 84, sasa ni 112. Kwenye shuka hakuna damu ya kutisha. Anafunua blanketi, anaweka kiganja tumboni kuhisi kama mji wa mimba umekaza, na mkono wa pili anauteremsha mguuni. Mwili wa mama huyu umeanza kuficha jambo, na muuguzi ameshalishuku.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo: wa kuitambua shoku ikiwa bado imejificha, kuanza kuitibu kabla haijajitangaza, na kurudi kwa mgonjwa tena na tena mpaka imwachie. Nimeuona ukifanywa Bukoba mjini na nimeuona ukifanywa Muleba, mkoani Kagera, katika wodi zenye mashine na katika wodi ambazo vifaa ni kipima presha cha kupampu kwa mkono na saa ya ukutani. Sijui kazi nyingine ya mikono inayookoa watu wengi namna hii na kuzungumzwa kidogo namna hii.

Shoku ni pale mzunguko wa damu unaposhindwa kuzifikishia seli oksijeni ya kutosha. Njia za kufika huko ni nyingi. Damu inaweza kumwagika, au maji ya mwili kuisha kwa kuhara na kutapika. Moyo wenyewe unaweza kushindwa kusukuma. Mishipa inaweza kulegea yote kwa pamoja kwa sababu ya maambukizi makali au mzio, damu ikawapo lakini presha ikakosekana. Au njia inaweza kuzibwa, iwe kwa bonge la damu lililokwama kwenye mapafu au kwa hewa iliyonaswa kifuani baada ya mbavu kuvunjika. Mwisho wa njia zote ni mmoja, seli kukosa oksijeni. Ndiyo maana muuguzi anayeijua vizuri shoku moja ameshaanza kuzijua zote, ingawa tiba zinatofautiana kiasi kwamba inayomponya huyu inaweza kumuua yule.

Vitabu huigawa safari hiyo katika hatua nne. Ya kwanza haionekani kwa macho. Oksijeni imeanza kupungua kwenye seli, tindikali imeanza kujikusanya, na mgonjwa anaweza kuwa anaongea na ndugu zake. Katika ya pili mwili hujibana. Hufanya yale yanayofanywa na kaya iliyoingiliwa na njaa, pale wakubwa wanapolala bila kula ili watoto wapate. Ngozi inanyimwa, utumbo unanyimwa, figo zinanyimwa, ili moyo na ubongo vipate. Mapigo yanapanda, pumzi zinaongezeka, mishipa ya ngozi inajifunga, mkojo unapungua, kiu inashika. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi, na anaweza kupoteza lita moja na nusu kabla namba ya juu ya presha haijashuka waziwazi. Hatua ya tatu ni akiba kwisha: presha inaanguka, akili inatatizika, mkojo unakatika, mishipa midogo inaanza kuvujisha maji. Ya nne ni ya viungo vilivyokwisha kufa. Hapo hata damu ikiongezwa, presha haishiki.

Ukiisoma safari hii kwa makini, jambo moja linakuja juu. Presha inayoshuka ni habari ya hatua ya tatu. Anayeingojea ili aamini kuwa mgonjwa yuko hatarini ameiacha hatua ya pili ipite, na karibu kila kitu ambacho mikono ya muuguzi inaweza kukiokoa kimo katika hatua hiyo ya pili.

Mtazame muuguzi mzoefu anavyoitafuta. Anaanzia pajani, kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu ngozi ya hapo huhisi joto vizuri zaidi kuliko ncha za vidole. Anateremka polepole: goti, muundi, kifundo, unyayo. Anatafuta mahali joto linapokoma. Mgonjwa ambaye baridi imeishia vidoleni hayuko sawa na yule ambaye imefika magotini, na yule ambaye saa mbili zilizopita baridi ilikuwa kifundoni na sasa imepanda katikati ya muundi anazidiwa, hata kama presha haijabadilika. Kisha anaminya ukucha kwa sekunde tano mpaka rangi itoke, anauachia, anahesabu. Rangi ikirudi ndani ya sekunde mbili, vema. Ikivuka tatu, damu haifiki. Vidole vyake vitatu vinakaa juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na huko havihesabu tu. Vinapima pia uzito wa pigo, kama limejaa au limekuwa jembamba, kama linasukuma au linatetemeka.

Vitabu tulivyosomea vinasema mgonjwa wa shoku hupauka uso. Viliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe. Wauguzi wetu wamejifunza kutazama kwingine: viganja, fizi, ulimi, ndani ya kope la chini. Na Kagera ina mtego wake. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi Tanzania, upepo wa ziwa unaingia madirishani usiku, na kule juu Kamachumu alfajiri ina baridi ya kweli. Miguu iliyopoa inaweza kuwa imepozwa na hewa tu. Nilimwona muuguzi mmoja, bila kusema neno, akigusa mguu wa mgonjwa, kisha mguu wa ndugu aliyekuwa amelala mkekani kando ya kitanda, kisha tena wa mgonjwa. Wa ndugu ulikuwa na joto. Akaenda moja kwa moja kuchukua kanula. Kipimo hicho hakimo katika kitabu chochote nilichosoma, nacho ni kipimo kamili: mwili mmoja umelinganishwa na mwingine chini ya paa lilelile, katika hewa ileile.

Kulinganisha ndiko kiini cha kazi hii. Mapigo ya 100 peke yake hayasemi mengi. Yanaweza kuwa ya maumivu, ya woga, ya homa, ya mtu aliyepanda ngazi. Yanaanza kusema yakiwekwa mbele ya 80 ya saa mbili zilizopita. Kwa hiyo shoku hutambuliwa na yule aliyekuwapo mwanzo na akarudi, na mtu huyo ni muuguzi. Daktari huja, huchunguza, hupanga, kisha huitwa chumba cha upasuaji. Katika hospitali za Muleba, iwe Ndolage ya Walutheri au Rubya na Kagondo za Wakatoliki, na katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba, saa ndefu za usiku ni za wauguzi. Chati iliyojazwa kila dakika 15 ndiyo macho ya hospitali nzima, na nafasi tupu katika chati hiyo ni saa ambayo mgonjwa hakuwa na mtu.

Wilaya ya Muleba ina kingine kinachoukuza uzito wa hatua ya pili: visiwa. Bumbire, Ikuza, Goziba ni makazi ya watu, wavuvi na familia zao, na anayevuja damu huko huanza safari kwa chombo cha majini kabla ya kuiona barabara. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani hana nafasi ya kungoja presha ianguke. Anapaswa kuamua mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuketi na kulalamika kwamba hajambo, maana ziwa likichafuka mtumbwi hautoki. Siku hizi ipo namba ya bure ya 115 ya mpango wa m-mama, unaopanga usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Lakini namba haipigwi mpaka mtu mmoja, akiwa na vidole vyake juu ya mshipa, aseme: huyu anaondoka sasa.

Wodi ya wazazi ndiko shoku inakokuwa na ujanja zaidi. Mimba huongeza damu ya mama kwa karibu nusu, akiba iliyowekwa na maumbile kwa ajili ya siku ya kujifungua. Mama kijana mwenye afya anaweza kuvuja kwa muda mrefu huku anatabasamu, halafu akaanguka mara moja. Na kwa miaka mingi tulikadiria damu kwa jicho, kwa kutazama khanga zilizolowa na dimbwi la sakafuni. Jicho hukadiria pungufu, na damu inavyozidi ndivyo kosa linavyokua. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000, ulichapisha matokeo yake mwaka 2023. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, unaowekwa chini ya mama na kukusanya damu yote. Damu ikifika kiwango cha kutia shaka, mambo yanafanyika kwa pamoja bila kusubiriana: mji wa mimba unakandwa, dawa ya kuukaza inatolewa, asidi ya traneksamiki inaingia, dripu inafungwa, chanzo kinatafutwa. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, vilipungua kwa asilimia 60. Naupenda sana utafiti huo. Haukuleta mashine. Ulileta mfuko wenye alama, na ukamruhusu mkunga kuanza pale anapoona, bila kungoja hatua moja ishindwe ndipo ajaribu nyingine.

Tiba ikishaanza, ufundi unahamia kwenye mpangilio wa mikono. Damu inayotoka nje inabanwa kwanza. Njia ya hewa inasafishwa, oksijeni inawekwa. Kanula zinatafutiwa mishipa miwili, mkono huu na mkono ule, na zinazotakiwa ni nene: ya kijivu, au ya rangi ya chungwa ikipatikana. Ya waridi, inayotosha kwa dawa za kila siku, haiwezi kupitisha maji kwa kasi inayotakiwa hapa. Shida ni kwamba mwili umeshafunga mishipa ya ngozi, na inakuwa imelala chini ya ngozi bila kuonekana. Hapo ndipo utamtambua fundi. Anauacha mkono uning'inie kando ya kitanda, anafunga kamba, hakimbilii kuchoma. Anafumba macho na kuupapasa mshipa ndani ya kiwiko, anausikia ukinesa kidogo, anaingia mara moja. Kabla hajaunganisha dripu anavuta damu ya kupima kundi, kwa sababu baada ya lita mbili za maji sampuli inakuwa imezimuliwa na dakika zimepotea. Kisha anamfunika mgonjwa. Watu wengi hulichukulia blanketi kuwa ni huruma tu, na ni huruma kweli, lakini pia ni tiba: damu iliyopoa haigandi vizuri, na mgonjwa anayevuja akipoa huzidi kuvuja.

Katheta ya mkojo inaingizwa, na mfuko unatundikwa chini mahali pa kuonekana. Katika mambo yote ya kufuatilia, mkojo ndio ninaouamini zaidi. Figo hukatiwa damu mapema, na hurudishiwa pale tu mwili unapoona kuna ya kutosha. Mililita 30 kwa saa kwa mtu mzima, na kuendelea, ni ushahidi kwamba damu imerudi kufika mbali. Nimewaona wauguzi wakishangilia mkojo usiku wa manane, na walikuwa na kila sababu.

Kwa aliyepoteza damu nyingi, maji ni ya kushikilia tu mpaka damu ipatikane, na damu haitengenezwi kiwandani. Kwa sehemu kubwa inatoka kwa vijana wa sekondari wanaochangia shuleni, na shule zikifungwa majokofu hupungukiwa. Ndipo ndugu wanaitwa koridoni, mmoja mmoja, wapimwe. Muuguzi anayejua kuongea na ndugu hao kwa utulivu, akamwambia shemeji wa mgonjwa kwamba kutoa damu hakutamdhoofisha kiasi cha kushindwa kwenda shambani, anatibu shoku wakati ule ule.

Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba na wilaya za jirani. Watu zaidi ya 15 walikufa na mamia wakajeruhiwa, wengi kwa kuangukiwa na kuta za nyumba. Majeruhi wa ukuta ana hila yake. Anaweza kuja bila tone la damu kwenye nguo. Mfupa wa paja uliovunjika unaweza kumeza lita nzima ndani ya paja lenyewe, na nyonga iliyopasuka ikameza zaidi ya hiyo. Siku ya majeruhi wengi, anayepiga kelele ana njia ya hewa iliyo wazi na ubongo unaopata damu. Muuguzi aliyefundwa humpita kwanza kwa neno la kumtuliza, akaenda kwa yule aliyenyamaza pembeni, anayepiga miayo na kusema ana kiu. Kumpita mtu anayelia ni jambo gumu kwa moyo wa binadamu. Linafundishwa, na linaumiza, na ni sahihi.

Miaka sita baadaye, asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19, wakaokoka 24. Sifa za wavuvi waliowahi na mitumbwi yao zilienea nchi nzima, na zilistahili. Mimi huwafikiria pia waliopokea machela siku ile. Mtu aliyetoka majini anatetemeka, mishipa ya ngozi yake imejifunga kwa baridi, mapigo yamepanda kwa hofu. Kila dalili ya shoku anayo, na huenda hana shoku. Au anayo kweli, wengu umepasuka, na baridi inaifunika. Nguo zilizolowa zinavuliwa, anakaushwa, anafunikwa, na baada ya dakika kadhaa anaguswa upya. Aliyekuwa na baridi tu ameanza kupata joto. Mwingine hajapata. Muuguzi ameshamjua wa kumkimbiza.

Upo upande wa ufundi huu unaotaka ujasiri wa namna nyingine, nao ni kuuzuia mkono. Kwa miongo mingi ilifundishwa duniani kote kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi amiminiwe maji haraka. Kati ya mwaka 2009 na 2011 utafiti wa FEAST uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,000 wa namna hiyo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Teule ya Muheza ikiwemo. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi: kama 10.5 kati ya kila 100 ndani ya saa 48, wakati wale ambao hawakumiminiwa walikufa 7.3. Jibu hilo lilitoka hospitalini kwetu, Afrika Mashariki, likawalazimisha waandishi wa miongozo ya dunia kuandika upya.

Kwa Muleba, ambako malaria ni adui wa siku zote, hilo ni jambo la kila wiki. Mtoto anafika mgongoni mwa bibi yake, viganja vimekuwa vyeupe, anahema kwa nguvu, vidole baridi. Bibi ameshaamua tiba kabla ya kushuka kwenye pikipiki: dripu. Dripu inaonekana, inatundikwa juu, kila mtu anaiona ikishuka. "Mwanangu, mtundikieni maji, hana nguvu." Na muuguzi, aliyeinama kumsalimia shikamoo huku kidole chake kiko kwenye ukucha wa mtoto, anamjibu kwa upole: "Bibi, damu yake imekwisha. Tukimwaga maji haraka yatajaa mapafuni. Tunampa dawa ya malaria, tunampima sukari, tunamtafutia damu. Kaa hapa karibu, umshike mkono." Saa hiyo hiyo, kitanda cha pili, mtoto aliyeharisha tangu jana na macho yakaingia ndani anapewa maji kwa kasi, mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa kama ameshavuka mwaka mmoja. Wote wawili wana mikono ya baridi. Mikono iliyowagusa imejua tofauti yao, na hekima ya kazi yote imo katika tofauti hiyo.

Shoku nyingine nitazipitia upesi, ingawa kila moja ingestahili insha yake. Ya mzio, baada ya sindano ya penisilini au kuumwa na nyuki, haina muda wa kutafakari: adrenalini nusu miligramu kwenye nyama ya paja kwa mtu mzima, mgonjwa alazwe, asiinuliwe ghafla. Ya moyo hukataa maji. Mgonjwa huketi, husikika akikoroma mapafuni, na dripu ya haraka humzamisha. Ya maambukizi ndiyo inayodanganya mikono, kwa sababu huanza na ngozi ya joto na mapigo yanayoruka, na anayengoja baridi ataichelewesha dawa ya kuua vijidudu. Hapo pumzi husema mapema. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote wodini, na hakigharimu kitu.

Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba homa ya Marburg imeingia Bukoba Vijijini. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha, 2 Juni, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa tisa, sita wakiwa wamekufa, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya. Marburg huua kwa shoku: maji yanaisha kwa kuhara na kutapika, mishipa inavujisha, damu hutoka. Dawa iliyothibitishwa ya kukiua kirusi chake hakuna. Kinachobaki ni uuguzi mtupu: maji ya kunywa, dripu kwa kipimo, chumvi za mwili zilizofuatiliwa, oksijeni, usafi, kurudi. Na uuguzi huo unafanywa kwa glavu mbili, moja juu ya nyingine, miwani inayofunga ukungu, na muda uliohesabiwa ndani ya vazi. Fikiria kuutafuta mshipa uliojifunga kupitia glavu mbili. Fikiria kutafuta mahali joto linapokoma wakati jasho lako mwenyewe limelowesha kiganja. Walifanya hivyo. Watatu kati ya tisa walirudi nyumbani, na ninaposema ufundi ninamaanisha hilo.

Kuna dalili moja ambayo huwaponza hata wauguzi wazuri, kwa sababu hujificha nyuma ya tabia. Mgonjwa aliyekuwa mpole anaanza kuhangaika. Anang'oa barakoa ya oksijeni, anataka kushuka kitandani, anamtukana anayemsaidia, anaomba maji mara tano. Kwenye zamu yenye wagonjwa wengi ni rahisi kusema ni msumbufu na kumwomba ndugu yake amshike. Ubongo unaokosa oksijeni husumbuka hivyo. Namheshimu sana muuguzi ambaye, akitukanwa, hushika kwanza mshipa. Mara nyingi nimemsikia mzee akirudia kuita kwa Kihaya, na muuguzi kutoka Tabora au Mbeya, asiyejua lugha hiyo zaidi ya neno la kuitikia, "waitu", akajibu "waitu" kila alipoitwa, huku vidole vyake vikihesabu.

Hatua ya nne ipo, na wapo wanaoifikia pamoja na juhudi zote. Hapo muuguzi haondoki. Anawaita ndugu, anawaambia ukweli kwa maneno ya kueleweka, anaendelea kumsafisha na kumgeuza, na hafanyi haraka kuelekea kitanda kingine kana kwamba aliyeshindikana kutibika ameshindikana pia kuhudumiwa.

Yote haya yanataka watu. Muuguzi mmoja mwenye vitanda 30 usiku hawezi kurudi kila dakika 15 kwa mgonjwa mmoja, hata awe fundi wa namna gani. Huchagua. Humweka anayemtilia shaka kitanda cha karibu na meza yake, humfundisha ndugu kuutazama mfuko wa mkojo na kumwita akiona haujaongezeka, hupita gizani na tochi ya simu akigusa miguu. Nimewahi kumsikia mtu akiyaita hayo kuhangaika kwa wodi maskini. Mimi nayaita uhodari, na uhodari huo haufai kuwa kisingizio cha kumwacha mtu peke yake zamu baada ya zamu.

Asubuhi, saa moja na nusu, zamu hupokezana. Anayetoka anataja mambo kwa mpangilio: mama wa kitanda cha sita, alivuja baada ya kujifungua, amepewa damu chupa mbili, mapigo yalikuwa 128 saa sita usiku, sasa 96, mkojo mililita 40 saa iliyopita. Wazembe huishia hapo, wakatia saini. Walio makini huenda kitandani pamoja. "Dada, weka mkono hapa," anasema anayetoka, na wote wawili wanashika mguu mmoja kwa wakati mmoja, mmoja juu kidogo ya mwingine, kwa sababu mikono haifanani, na neno "vuguvugu" la mtu wa usiku linaweza kuwa "baridi" kwa mtu aliyetoka nje juani. Wanakubaliana joto linapoishia, anayeingia anapaandika kwa maneno yake mwenyewe, na kipimo cha saa mbili zijazo kinakuwa na cha kulinganishwa nacho.